Mchumba wa Hisabati

"Mimi humo siingii," alisema yule mama, akalikaza shali kiunoni kama mtu anayejiandaa kwa vita. "Mchukueni mtoto. Mimi nitakaa hapa pembeni niwaangalie."

Mwalimu alikuwa majini, maji yamemfika kifuani, wazazi wanane na watoto wao wanane wamemzunguka wakisubiri. Saa ya ukutani ilishapita saa tatu asubuhi kwa dakika nane. Siku nyingine angejibu kama anavyowajibu wote: mtoto mchanga haingii bwawani bila mtu wake, ndiyo kanuni, na usipoweza leo karibu Jumamosi ijayo. Leo ulimi ulimwia mzito. Mtoto aliyepakatwa na yule mama, mwenye mashavu yaliyojaa hadi macho yamekosa pa kukaa, alikuwa Kibonge. Na Kibonge alikuwa mpwa wa mchumba wake.

Jumamosi zote Kibonge huletwa na mama yake, dada wa mchumba. Leo dada hakuonekana. Kwa hiyo huyu mama mrefu, mgongo umenyooka kama ubao, macho hayapepesi, hakuwa mwingine ila mama mkwe mtarajiwa. Walikuwa hawajawahi kuonana. Kesho saa nane mchana ndipo alitakiwa afike na ndugu zake nyumbani kwa kina Mwalimu, posa itolewe rasmi.

Amekuja kunipeleleza, Mwalimu alijiambia. Hakutaka kungoja kesho.

"Shikamoo, mama," alisema, akijitahidi tabasamu lisimtetemeke. "Karibu sana. Sikukutegemea leo."

"Marahaba. Kwani ulikuwa unamtegemea nani?"

Swali lilimkata maini. Bahati nzuri baba mmoja aliyekuwa anambembeleza bintiye kwenye kona akaita, "Mwalimu Kiboko, tunaanza lini? Huyu wangu ameshaanza kusinzia!"

"Kiboko?" Mama aligeuka. "Anawachapa?"

"Hapana, mama, kiboko yule wa majini," alijibu baba mtu huku akicheka. "Watoto wakubwa ndio waliompa jina."

Mama hakucheka. Alimtazama Kibonge, akayatazama maji, akamtazama Mwalimu. "Binti yangu, mimi nilikuwa mkunga miaka thelathini na moja. Nimepokea watoto wasio na idadi. Huyu alikaa majini tumboni miezi tisa, tukamtoa kwa taabu. Leo mnamrudisha?"

Bwawa zima liliangua kicheko. Mwalimu naye akacheka, akajikuta anampenda yule mama kabla hajajua kama anaruhusiwa.

"Ndiyo maana anayapenda maji, mama. Anakumbuka. Lakini anahitaji mikono anayoijua. Kule chumba cha kubadilishia tuna nguo za kuazima, ndefu, zinafunika hadi kwenye vifundo. Ukiona baridi, utatoka. Ukichoka, utatoka. Sikulazimishi."

Mama aliyatazama maji tena. Kisha akaondoka na mjukuu wake, na Mwalimu alikwisha kukata tamaa alipomwona anarudi, amevaa bluzi ya mikono mirefu na suruali ya buluu iliyomfika kwenye nyayo, anashuka ngazi za bwawa moja moja kama mtu anayeingia nyumba ya adui.

Lakini alipofika majini, lo! Mikono ya yule mama ilijua kazi. Alimlaza Kibonge chali, kiganja kimoja chini ya kisogo, kingine mgongoni, masikio ya mtoto yakazama kidogo tu, na mtoto akatulia akiangalia taa za darini. Wazazi vijana, ambao mwezi mzima walikuwa wanawashika watoto wao kama wameshika mayai, waligeuka kumtazama.

"Mmeona?" Mwalimu akawaambia. "Hivyo ndivyo. Kisogo, si shingo. Mwangalieni mama."

Mama alijifanya hajasikia, ila kidevu kilipanda kidogo.

Waliimba. Walimwagia watoto maji mabegani kwa vikombe vidogo, kisha utosini. Mtoto mmoja alipolia, Mwalimu alimsogelea, akatia kidevu chake mwenyewe majini hadi macho yao yakawa sawasawa, akapuliza mapovu, akasubiri. Hakumlazimisha. Akasubiri mpaka mtoto akaacha kulia na kuanza kushangaa. Mama mkunga aliyaona yote.

"Una mkono mzuri na watoto," alisema, wakiwa bega kwa bega. "Una subira. Wakunga wengi wa siku hizi hawana."

"Ahsante, mama." Moyo wa Mwalimu ulijaa. Alijiona kesho sebuleni kwao, mama huyu ameketi karibu na baba yake, wanazungumza kama watu waliojuana zamani.

"Ila," mama akaendelea, akishusha sauti, "usinichukie, naongea kama mzazi. Kazi hii! Kushinda umevaa hivi mbele ya baba za watu. Wazazi wako wanasemaje?"

"Wamezoea, mama." Haya sasa, alifikiri. Mtihani umeanza. "Haya wote, tunajiandaa kuwainua watoto juu! Nikifika tatu! Moja..."

"Mimi nisingezoea," mama alisema. "Namshukuru Mungu kitindamimba wangu amepata mchumba mwenye kazi ya heshima zake."

"Mbili..."

"Mwalimu kama wewe, lakini wa darasani. Wa hisabati."

Watoto tisa walikuwa wanangoja tatu. Tatu haikuja. Mwalimu alisimama na mikono hewani, mdomo wazi.

"Mwalimu?" baba wa kona akaita.

"Hisabati?" Mwalimu aliuliza kwa sauti ambayo hakuitambua.

"Sekondari ya wasichana," mama akasema, macho yakimng'aa. "Mtoto wa watu ametulia. Nimeona picha yake, kasuka vizuri, kavaa miwani. Kesho tunakwenda kumposa."

Mwalimu alikuwa na kofia ya mpira iliyoshuka hadi kwenye nyusi na miwani ya majini iliyomkaba nusu ya uso. Kumbe hakuna aliyekuja kupeleleza mtu. Mama wa watu alikuwa hajui lolote.

"Tatu," alisema hatimaye, kwa sauti kavu, na watoto wakapaa.

*

Kati ya darasa la wachanga na la chekechea kulikuwa na mapumziko ya dakika kumi. Mwalimu alizitumia zote mbele ya kabati lake, taulo begani, simu mkononi, vidole vikilowesha kioo.

Kulikuwa na ujumbe wa wifi mtu, wa saa mbili asubuhi. "Wifi, nimeitwa kazini ghafla. Mama kang'ang'ania kumleta Kibonge mwenyewe. Nakuomba sana, jifanye hujui kitu. Nitakueleza."

Kwa hiyo na wifi alijua! Alihisi damu ikimpanda. Kila mtu alijua isipokuwa mwenye uchumba wake.

Akaandika kwa mchumba: "Njoo bwawani. Sasa hivi. Mama yako yuko hapa."

Mchumba alikuwa fundi wa miwani. Mtaa mzima ulimwita Miwani, na duka lake lilikuwa hatua chache tu kutoka pale. Miaka miwili nyuma Mwalimu aliingia dukani humo, macho mekundu kwa dawa ya bwawa, akataka miwani ya kuogelea yenye vioo vya namba yake, kwa sababu bila vioo alikuwa hatofautishi kichwa cha mtoto na boya. Fundi alimketisha kwenye kiti, akamwambia asome herufi ukutani. Akasoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, akanyamaza.

"Endelea," fundi akasema.

"Nimeshamaliza. Wewe ndiye hujabadilisha kioo."

Alikuwa amesahau. Alikuwa anamtazama yeye. Mwalimu alitoka pale akiwa hana uhakika kama macho yake ni mabovu au ni mazuri, ila alijua kuna mtu ameyaona.

Sasa alipomwona anaingia mbio kwenye mlango wa bwawa, shati limechomoka, neno la kwanza alilomwambia lilikuwa, "Vua viatu!"

Alivua. Akaja ukingoni kwa soksi. Darasa la chekechea lilikuwa limeanza kitambo, watoto sita wa miaka minne na mitano wamejipanga kwenye ngazi ya chini, kila mmoja na kibao chake cha kuelea. Upande wa pili wa bwawa, kwenye viti vya wazazi, mama alikuwa amejikausha, amevaa nguo zake, anamnywesha Kibonge maziwa kwa chupa. Alimpungia mwanawe mkono. Mwana akapunga kwa mkono uliolegea.

"Amejua?" alinong'ona, akichuchumaa.

"Hajajua. Mimi ndiye niliyejua. Haya watoto, teke! Teke, teke, teke! Magoti yasikunjwe!" Alimshika mtoto wa kwanza tumboni, akawa anatembea naye majini, na fundi akalazimika kumfuata ukingoni, akichuchumaa na kuinuka kama kuku. "Mimi ni mwalimu wa hisabati tangu lini?"

"Nilisema mwalimu. Wewe si mwalimu?"

"Wa nini?"

"Siku ile hakuuliza."

"Na alipouliza?"

Alikohoa. "Nikasema hisabati."

"Kwa nini hisabati?"

"Sijui. Ndiyo iliyonijia. Nilitaka kusema Kiswahili, nikaona atakujaribu."

Mwalimu alifumba macho. Alipoyafumbua, fundi alikuwa bado yupo, soksi zinachuruzika. "Redio! Piga maji, usimpige mwenzako!"

Redio alikuwa mtoto wa kike wa miaka minne, na jina lilimtosha kabisa. Kila alilolisikia alilirusha. "Mwalimu," aliuliza, "hisabati ni nini?"

"Ni kuhesabu. Teke!" Akamrudia fundi. "Na ulipanga kumwambia lini?"

"Baada ya kesho. Akishakuzoea."

"Atazoea nani? Yule wa hisabati?"

"Usikasirike, mpenzi."

"Sijakasirika. Nimechoka. Unajua tofauti? Mtu akikasirika bado ana nguvu." Alimpokea mtoto wa pili. "Kesho mama yako atakaa sebuleni kwetu. Medali zangu za kuogelea zimetundikwa juu ya televisheni, zote kumi na moja, na baba haruhusu mgeni aketi kabla hajamsomea moja moja. Utasemaje? Kwamba nilizipata kwa kujumlisha?"

Fundi aliangalia chini. "Nilifikiri," alisema polepole, "labda mngeziondoa. Kwa siku moja tu."

Mwalimu alisimama. Mtoto aliyekuwa mikononi mwake akaacha kupiga teke, akamtazama.

Baba yake Mwalimu alikuwa fundi cherehani. Vazi lake la kwanza la kuogelea alimshonea mwenyewe, kwa kitambaa cha mwavuli mwekundu, kwa kuwa hapakuwa na lingine. Alimsindikiza alfajiri kwa alfajiri, akaketi kwenye benchi na sindano yake akipinda suruali za watu, akiinua kichwa kila mtoto wake alipogusa ukuta. Leo aambiwe ashushe medali, azifiche chini ya kitanda kama kitu cha wizi.

"Rudia," alisema.

"Sikumaanisha hivyo."

"Ulimaanisha. Kama unanionea aibu, sema. Maji haya yamesikia mengi."

"Aibu?" Sauti ya fundi ilipanda, akaishusha haraka. "Mimi? Kila mteja anayeingia dukani namwambia mchumba wangu anaogelea kama samaki. Naboa watu. Sioni aibu."

"Kasoro mama yako. Kwake unaona nini?"

Alivua miwani, akaifuta kwa shati, na bila miwani uso wake ulionekana mdogo, wa mtu aliyekosa usingizi. "Naogopa," alisema. "Mama akisema hapana, huisema mara moja tu. Kaka yangu mkubwa alimleta mchumba wake, mama akasema hapana, na basi. Mpaka leo kaka anakaa peke yake. Nilijua akikuona kwanza wewe, ulivyo, atakupenda. Nilitaka tu asisikie bwawa kabla hajakuona."

Alimtazama. Yale macho, yale yaliyosahau kubadilisha kioo, yalikuwa yamejaa. Na Mwalimu, kwa hasira zake zote, alihisi kitu kinalegea chini ya mbavu, akakichukia kwa kulegea.

"Sasa ameshaniona," alisema. "Nimemfundisha saa nzima, na ameniambia nina mkono mzuri. Halafu akanisifia mwanamke mwingine."

"Nitamwambia. Leo jioni."

"Hapa. Sasa."

"Mbele ya watu wote hawa? Subiri basi nimpeleke nyumbani..."

Wakati huohuo Redio, ambaye alikuwa amepanda ukingoni bila ruhusa na kusimama huku maji yanamtiririka, alijaza kifua hewa.

"Bibi!" alipaza sauti. "Bibi mwenye mtoto! Huyu mjomba amesema Mwalimu Kiboko ni hisabati!"

Ukumbi mzima ulisikia. Mama alisimama, Kibonge begani, chupa mkononi.

*

Hakuja mbio. Alizunguka bwawa lote kwa hatua za mtu anayepita wodini, na kabla hajafika, wazazi wa chekechea walikuwa wameshakuja kuchukua watoto wao, maana darasa lao, la nusu saa tu, lilikuwa limekwisha. Redio aliondoka akigeuza shingo. Watoto wakubwa, kumi na wawili, wa miaka minane hadi kumi na mitatu, walikuwa wamekwisha kaa ukingoni miguu ikining'inia majini, wakisubiri darasa lao. Hakuna aliyelalamika kwamba linachelewa.

"Nani hisabati?" mama aliuliza.

"Mama, twende nyumbani," fundi alisema. "Nitakueleza njiani."

Mwalimu alivua miwani ya majini. Akavua na kofia. Nywele zilizosukwa zikamwangukia mabegani, na mama akamwangalia kwa muda mrefu, kama mtu anayefananisha uso na picha.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi, mama. Samahani. Mimi nilidhani unajua. Nimejua leo, humu majini, ulipoitaja hiyo hisabati."

Mama alimgeukia mwanawe. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililotisha. "Nimewaambia watu. Nimewaambia wakunga wenzangu. Nimewaambia majirani. Nimemwambia hadi yule wa duka la dawa ambaye wala hakuniuliza. Mkwe wangu anafundisha hisabati! Wamenipongeza. Nimepokea pongezi za hisabati, mimi!"

"Mama..."

"Nyamaza. Nikimaliza na wewe utajua." Akamrudia Mwalimu. "Na wewe, binti yangu, sitakuficha. Niliyosema kule majini niliyasema kwa moyo wangu. Mavazi haya siyapendi. Jumamosi na Jumapili ndugu wote wanakutana kwangu, wewe uko bwawani. Ukijaliwa mtoto, utamwacha wapi?"

"Nitakuja naye. Ataingia darasa la saa tatu." Mwalimu aliegemea ukingo. Alikuwa amechoka kiasi kwamba woga wote ulikuwa umemtoka. "Mama, ulipokuwa mkunga ulivaa nini?"

"Sare."

"Ikichafuka?"

"Ilichafuka kila siku. Damu, maji, kila kitu."

"Kuna aliyekuuliza kwa nini unashinda na watu wasio na nguo?"

Mmoja wa watoto wakubwa alikohoa cheko. Mama alimkata jicho, mtoto akatazama dari.

"Usinifundishe kazi yangu," mama alisema.

"Sikufundishi. Nakwambia hii ndiyo sare yangu. Sitaivua ili niolewe. Na medali zangu baba yangu hazishushi. Kesho, mama, asije nyumbani kwetu mtu yeyote anayedhani anamposa mwalimu wa hisabati. Wangapi wanakuja?"

Mama alifungua mdomo kugombana, akajikuta hana wa kugombana naye. Jambo hilo hata yeye mwenyewe alikuwa analitaka.

"Ukiacha huyu na dada yake, wanane pamoja na mimi," alisema.

"Wewe umeshajua. Wamebaki saba. Awaambie wote, mmoja mmoja, kwa mdomo wake. Asiyetaka kuja, asije. Na huyu asipoweza kuwaambia, asije yeye." Hakumtazama fundi. Angemtazama, asingeweza kumaliza.

Fundi alikuwa amesimama na soksi zake zilizolowa, rangi imemtoka. Hakuna aliyekuwa upande wake. Wanawake wawili aliowaogopa kuwakutanisha walikuwa wamekutana bila yeye, na sasa wote wawili walikuwa wanamtazama, mmoja kutoka majini, mmoja kutoka nchi kavu, kwa macho yaleyale.

"Anza na shangazi yako mkubwa," mama alisema. "Ndiye atakayetoa maneno kesho."

"Shangazi? Mama, nitaenda kwake jioni..."

"Simu unayo."

"Shangazi hasikii vizuri kwenye simu!"

"Basi utasema kwa nguvu."

Alimtazama Mwalimu, akiomba. Mwalimu safari hii alimtazama, hakumwokoa. Fundi akavuta pumzi, akabonyeza simu, akaiweka sikioni.

"Hujambo, shangazi... Samahani, shikamoo. Shikamoo, shangazi! Ni mimi. Mimi! Miwani! Ndiyo. Sikiliza, kuhusu kesho. Yule mchumba wangu... mchumba! Hafundishi hisabati. Nilidanganya. Nimesema nilidanganya! Anafundisha kuogelea."

Alisikiliza. Uso ukamjaa uchungu.

"Hapana, shangazi, si kuongea. Kuogelea."

Ukingoni, watoto kumi na wawili walikuwa wameshikana mikono, wamebana midomo.

"Najua watoto wanajua kuongea wenyewe! Siyo kuongea! Kuo-ge-le-a! Majini! Anawafundisha watoto majini!" Akasikiliza tena, akajishika kichwa. "Hapana, hakuna aliyezama! Hakuna msiba! Shangazi, usilie!"

Mwalimu alijiziba mdomo. Hakutaka kucheka. Alikuwa na haki ya kukasirika hadi wiki ijayo na alikuwa amepania kuitumia.

Fundi alinyoosha mgongo. Kitu kilimjia usoni, ile hali ya mtu aliyefikia mwisho wa aibu akakuta hakuna kitu huko. Aliacha kujikunja, aliacha kunong'ona, akasema kwa sauti iliyogonga vigae vyote vya ukumbi na kurudi:

"Shangazi! Nampenda mwalimu wa kuogelea! Nilimficha kwa woga wangu! Kesho tunakwenda kumposa yeye, mwalimu wa kuogelea, na kama kuna asiyetaka, nitakwenda peke yangu!"

Hata pampu ya maji ilikuwa kama imenyamaza. Kwenye viti vya wazazi, mtu alianza kupiga makofi, akaona wengine hawapigi, akaacha. Mwalimu alihisi uso unawaka, na kile kitu chini ya mbavu kikalegea tena, ila safari hii hakukichukia. Walitazamana.

Fundi alikuwa bado na simu sikioni. Alisikiliza, akaishusha taratibu.

"Amesemaje?" Mwalimu aliuliza.

"Amesema amesikia. Amesema ninampigia kelele kwa nini, kwani yeye ni kiziwi? Kisha akakata."

Kicheko cha watoto kilipasuka. Mwalimu alizama majini kichwa chote, kwa sababu hakutaka mtu aone kama anacheka au analia, na alipoibuka mama alikuwa amechuchumaa ukingoni, Kibonge amelala begani, anamtazama kwa yale macho yasiyopepesa.

"Mimi bado sijakubali," mama alimwambia.

"Najua, mama."

"Vizuri, tusije tukadanganyana tena." Aliinuka, magoti yakamlia, akamgeukia mwanawe, ambaye alikuwa anajaribu kukamua soksi bila kuzivua, uso umeanza kuchanua tabasamu la mtu anayedhani yamekwisha.

"Unacheka nini?" mama alimuuliza. "Bado sita."